Hoja Niliyoiua kwa Kuuliza Maswali

Kiirua, jioni

Igoki, mwanangu,

Kutoka hapa nilipoketi nawasikia wewe na mama yako mkibishana juu ya blanketi. Yeye anataka ubebe mawili, wewe unasema Nairobi si Kiirua, huko hakuna baridi ya kuua mtu. Atashinda yeye, nakuambia mapema. Mambo ya blanketi, ya nyumba ya kupanga, ya kanisa utakaloenda na watu wa kuepuka, nimemwachia yeye. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema tukitazamana. Jana tulipokuwa tukijaza viazi kwenye magunia nilianza, ukainua macho, nikageuza maneno nikakuuliza kama umepata vile vyeti vyako kutoka chuoni Nchiru. Ukasema, "Baba, hilo umeniuliza asubuhi." Basi naandika.

Tangu barua ya kazi ije umekuwa ukiwaambia watu kwamba unaenda kuwa karani wa Bunge, mahali pale pale baba yako alipokuwa mbunge. Jumapili mchungaji alikusimamisha mbele, akasema utumishi uko katika damu ya familia hii. Watu wakapiga makofi. Niliinamisha kichwa, nadhani walifikiri ninaomba.

Huko uendako kuna maktaba. Kila neno linalosemwa ukumbini huandikwa na kufungwa katika vitabu vya Hansadi. Ninakujua. Hutamaliza wiki ya kwanza kabla hujalitafuta jina langu. Utalikuta mara chache, kwa sababu sikuwa msemaji. Lakini kuna Jumatano moja asubuhi ambayo nimeandikwa karibu kila ukurasa. Nataka habari za asubuhi hiyo uzipate kwangu kwanza.

Ukiwa darasa la tano uliniuliza kwa nini tuliacha shamba letu kule chini, Siakago, tukaja kukaa kwa kina mama yako. Nilikuambia mvua ya kule ni haba. Ilikuwa kweli, lakini halikuwa jibu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipenda ubao na chaki, na nilipendwa na wazazi. Siasa ya vyama vingi ilipoanza, watu walikuja kuniomba nisimame, na aliyekuja wa kwanza alikuwa Njeru. Humjui. Alikuwa mkulima wa ndengu na mtama, shamba lake liko mbali huko bondeni, na watoto wake wawili niliwafundisha kusoma. Hakuniomba kitu. Alitembea kwa miguu kutoka soko hadi soko akiwaambia watu, "Mpeni mwalimu. Huyu hawezi kutudanganya, tumemwona na watoto wetu." Mke wake, Wambeti, alikuwa akinipikia kila nilipopita kwao, na alinitania kwamba nikifika Nairobi nitanenepa mpaka nishindwe kuingia mlangoni kwake. Nilishinda.

Mwaka huo huo aliingia Bungeni rafiki yangu Ireri, kutoka eneo lililopakana na langu. Tulikuwa tumelala kitanda cha juu na cha chini katika bweni la shule ya upili, Embu. Yeye alisomea utabibu, akafanya kazi miaka kumi katika zahanati za sehemu kavu. Mimi niliingia kwa chama kilichotawala, yeye kwa upinzani. Haikutusumbua. Tulikula pamoja, na Ijumaa tulirudi nyumbani pamoja, tukiongea Kimbeere chetu njia nzima kama watu waliotoka kifungoni.

Siku moja kwenye mkahawa wa wabunge Ireri aliniwekea karatasi mbele ya chai. Ilikuwa hoja fupi: kwamba Bunge liitake serikali iweke dawa ya sumu ya nyoka katika kila kituo cha afya cha sehemu kavu. Wewe umekulia huku juu kwenye ukungu, Igoki, nyoka kwako ni hadithi. Kule chini nyoka ni sehemu ya kazi. Unang'oa ndengu, na kifutu amelala pale pale chini ya majani, rangi yake na ya udongo ni moja. Ireri alikuwa na daftari dogo aliloandika majina ya watu waliofia mikononi mwake kwa kukosa sindano hiyo.

"Naomba wewe uniafiki," aliniambia. "Wakiona mtu wa serikali ameafiki, wataelewa hii si siasa."

"Nitakuafiki," nikasema. Tukapeana mkono.

Siku mbili baadaye kiranja wa upande wetu, yule anayewapanga wabunge wa chama wapige kura vipi, aliniita ofisini. Mtu mpole, mcheshi. Akaniagizia soda. Akasema amesikia nina hoja na rafiki yangu. Nikaanza kumweleza habari za nyoka, akanikatiza kwa upole. "Mwalimu, hakuna anayepinga dawa. Nani atapinga dawa? Lakini uchaguzi uko karibu. Hoja ya upinzani ikipita, kesho magazeti yatasema vituo vya serikali havina dawa, na wabunge wa serikali wamekiri. Unaelewa?"

Nikasema naelewa.

"Hatutaki uipinge. Ukipiga kura ya kupinga utajimaliza nyumbani. Tunataka tu saa sita na nusu ifike kabla kura haijapigwa. Hoja za wabunge wa kawaida zina Jumatano asubuhi peke yake. Isipofika kura, inarudi foleni, na kikao cha mwaka huu kinafungwa hivi karibuni. Kikifungwa, yote yaliyobaki mezani yanakufa." Kisha akauliza, "Ile barabara yenu ya kushuka bondeni, bado ni vumbi?"

Aliniambia lami imo kwenye mpango, na kwamba jina langu linatajwa vizuri. Nilitoka pale nikiwa nimekwisha kuanza kujieleza moyoni. Barabara itawafaa watu wangapi, na dawa ya nyoka wangapi? Barabara yenyewe si ndiyo itawafikisha wagonjwa hospitali? Nilifanya hesabu hiyo njia yote mpaka chumbani kwangu, na kila mara ilitoka sawa, kwa sababu nilikuwa ninaipangia jibu.

Jumanne nilikwenda kwa makarani, huko huko utakakokaa wewe. Palikuwa na karani mmoja mzee, mtu wa Meru, mkimya, aliyezijua Kanuni za Kudumu kama mtu anavyojua njia ya kwao. Nilimuuliza: mbunge akileta marekebisho ya hoja, je, waliokwisha kusema wanaweza kusema tena? Akaniambia ndiyo, kwa sababu marekebisho ni swali jipya. Nikamuuliza: na akidi, mtu anaweza kuidai wakati wowote? Ndiyo, wakati wowote. Idadi ikipungua kengele inapigwa, na hakuna linaloendelea mpaka watu watimie.

Akafunga kitabu, akanitazama. "Mheshimiwa, umeniuliza kama Kanuni inaruhusu. Inaruhusu."

Miaka mingi nimekuwa nikimkumbuka. Watakuja kwako pia, Igoki, kwa heshima na kwa tabasamu, wakikuuliza kama inaruhusiwa. Itabidi uwajibu, ndiyo kazi yako. Sijui yule mzee angefanya nini kingine. Ninachojua ni kwamba niliyaelewa macho yake, nikashukuru, nikatoka.

Sikumwambia Ireri chochote. Jumatano saa tatu alisimama, akaleta hoja yake, na alipomaliza akageuka upande wetu kunitazama. Mimi nilikuwa nasoma karatasi. Spika hakuwapo, aliyeketi kitini alikuwa Naibu wake. Akauliza, "Nani anaafiki?" Kimya kilikaa. Hutakiona katika Hansadi, kwa sababu hawaandiki kimya. Kisha mbunge mmoja mama, wa upinzani, aliyekuwa hata hajajiandaa, akasimama akasema, "Ninaafiki," akatafuta maneno ya kusema.

Nikaanza.

Kwanza nilisimama kwa hoja ya nidhamu. Mheshimiwa Ireri amesema watu wanakufa. Je, anaweza kuthibitisha? Ireri akainua daftari lake. Nikasema daftari la mtu binafsi si ushahidi, liwekwe mezani lichunguzwe, au aondoe maneno hayo. Likapelekwa mezani. Naibu Spika akalisoma, akaanza kuuliza hiki na kile. Saa ikatembea.

Kisha nikalalamika kwamba Ireri amechanganya lugha, ametaja dawa kwa Kiingereza katikati ya Kiswahili, na Kanuni inataka mbunge ashike lugha moja. Watu wakacheka. Wawili wa upande wangu wakasimama kuongezea. Nikauliza "sehemu kavu" maana yake nini. Kavu kwa kipimo gani? Je, penye mto ni kavu? Ilipofika zamu yangu ya kuchangia, nikaleta marekebisho: maneno "sehemu kavu" yaondolewe, pawekwe "sehemu zote zenye nyoka." Nilisema ninafanya hivyo kwa sababu ninawapenda Wakenya wote. Basi waliokwisha kusema wakasema tena, mmoja akaeleza habari za babu yake na nyoka wa msituni, mwingine akauliza kama nge nao wamo. Nilicheka na wengine, Igoki. Nataka ujue hilo pia. Mchezo ukikuendea vizuri una utamu wake. Nilijisikia mwerevu.

Ireri alijaribu kuomba mjadala ufungwe, aitwe kujibu, kisha kura ipigwe. Naibu Spika alikuwa karibu kumkubalia. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimebaki. Nikasimama.

"Bwana Naibu Spika, je, tuna akidi?"

Hatukuwa nayo. Nilijua hatukuwa nayo kwa sababu watu wetu walikuwa wameambiwa watoke mmoja mmoja. Kengele zikaanza kulia. Wenzangu walizisikia wakiwa kwenye chai, hakuna aliyeinuka. Ukumbi mzima tulikaa tukisikiliza kengele, wachache tuliobaki. Ireri alikuwa upande wa pili, mikono juu ya magoti, akinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinitazama kama tabibu, kama mtu anayetaka kujua mgonjwa ameanza kuugua lini. Zilipokoma, Naibu Spika akaahirisha kikao.

Mlangoni alinipita. Nikasema, "Ireri, ilikuwa..." Akasema, "Sijakuuliza," akaenda zake. Ijumaa hiyo nilisafiri peke yangu.

Kikao cha Bunge cha mwaka huo kilifungwa wiki chache baadaye, na hoja ikafa kama nilivyoambiwa.

Sasa nifike kwa Wambeti. Nimekunywa chai mbili ili nisifike hapa.

Ulikuwa msimu wa kuvuna ndengu. Aliumwa mkononi asubuhi, shambani, akiwa na mumewe. Kifutu. Njeru alimfunga kitambaa, akamweka kwenye punda, akampeleka kituo cha afya. Muuguzi alimsafisha, akampa sindano ya maumivu, akawaambia ukweli: dawa yenyewe hana, waende Embu. Gari la kituo lilikuwa limeharibika. Walikaa wakingoja gari la mtu yeyote anayepanda. Lilipopatikana, siku ya pili, mkono ulikuwa umefura mpaka begani na alikuwa akitoka damu kwenye fizi. Barabara nilikuwa bado sijaletewa. Alikata roho kabla hawajafika kwenye lami, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Njeru.

Walinitumia habari kama mbunge wao. Nilikwenda mazishini na gari, nikiwa na suti. Nilipewa kiti cha mbele, na ilipofika wakati wa salamu Njeru mwenyewe alisimama. Umbo lake lilikuwa limepungua. Akasema kwa sauti, "Mwalimu yuko hapa. Tulimtuma Bungeni, na anatupigania. Mheshimiwa, simama uwaambie watu jinsi unavyotupigania."

Nikasimama. Nikasema serikali inasikitika. Nikasema nimekuwa nikilifuatilia jambo hili la dawa kwa karibu. Nilisema hivyo, maneno hayo hayo, na jeneza liko hatua tatu kutoka nilipo. Ireri alikuwa ameketi nyuma, kwenye majani, pamoja na watu wa kawaida. Nilipomwona nikakatiza maneno, nikaketi. Mchungaji akamkaribisha naye aseme neno kama jirani. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Nimekuja kumzika dada yetu. Sina neno." Akaketi.

Baada ya mazishi nilimfuata mpaka kwenye mti alikofunga baiskeli yake. Nikamuuliza kwa nini hakunisema.

"Njeru amemzika mke," akasema. "Ulitaka azike na rafiki siku hiyo hiyo?"

Nikamwambia nisamehe. Akatikisa kichwa. "Hiyo si yangu kutoa. Nenda kamwambie Njeru."

"Nitaenda."

"Lini?"

Nikasema mambo yakitulia kidogo. Akacheka kicheko kidogo cha huzuni, akasema, "Unaahirisha," akapanda baiskeli.

Lami haikuja. Uchaguzi ulipofika nilishindwa, na sikujitahidi. Ireri naye alishindwa, akarudi kwenye zahanati, akafa baada ya miaka michache kwa ugonjwa wa figo. Nilikuwa kwenye mazishi yake, nyuma kabisa. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuhamia huku. Mama yako nilimwambia siasa zimenichosha. Ukweli ni kwamba Jumamosi moja, sokoni Siakago, nilimwona Njeru akinunua chumvi, nami nikajificha nyuma ya duka la mahindi mpaka alipoondoka. Mtu mzima, mwalimu wa watu, nimebanana na magunia. Nilipotoka pale nilijua siwezi kuishi mahali ambapo nitakuwa nikijificha kila siku ya soko. Ndiyo sababu umekulia kwenye baridi.

Wakati mwingine nimejiambia hoja ile hata ingepita isingeleta kitu. Hoja si sheria. Serikali ingeweza kuipokea na kuiweka kabatini, na Wambeti angekufa vile vile. Huenda. Nimeishi ndani ya "huenda" hiyo miaka zaidi ya ishirini, na nakuambia si nyumba. Sikuwanyima watu dawa tu, niliinyima hoja jibu. Kama Bunge lingesema hapana, Ireri angejua amepingwa na nani, na watu wetu wangejua wamkasirikie nani. Mimi nilihakikisha hakuna aliyesema hapana. Kila mtu alitoka na mikono safi, hata mimi, kwenye karatasi.

Barua yako ya kazi ilipokuja, wewe na mama yako mlishikana mkaruka jikoni kama watoto. Mimi nilikwenda kusimama zizini. Wiki iliyofuata nilisema ninaenda Embu kuona daktari wa macho. Sikwenda kwa daktari. Nilishuka mpaka bondeni kwa Njeru.

Nilimkuta kivulini nyuma ya nyumba akichagua mbegu. Amezeeka, jicho moja limeingia ukungu, lakini alinijua kwa mwendo kabla sijasalimu.

"Mwalimu," akasema. "Keti."

Nikaketi kwenye gogo. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Nikasema, "Njeru, kuna jambo nililolifanya Bungeni kabla Wambeti hajafariki. Kuhusu ile dawa."

Akaendelea kuchagua mbegu. "Najua."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Unajua nini?"

"Ulivyosimama ukauliza kavu ni nini. Ilitangazwa redioni, jioni ile ile. Tulikuwa tunasikiliza mambo ya Bunge kila siku kwa sababu yako. Wambeti alikuwa anakoroga uji. Akasema, 'Ai, huyo si mwalimu wetu?' Nikamwambia mwalimu ana sababu, huko juu kuna mambo sisi hatuyaoni. Akasema basi akija atatueleza."

"Na kwenye mazishi?" nikauliza. "Ulinisifu mbele ya watu."

Aliweka ungo chini. "Nilikuwa nakupa nafasi. Nilifikiri mtu akisifiwa kwa uongo mbele ya maiti, atasema ukweli mwenyewe. Nikangoja. Ukaongea juu ya serikali."

Kuku walikuwa wakiparua karibu na miguu yetu. Nilimwambia kuhusu kiranja, kuhusu soda na barabara, na kwamba nilikuwa nimemwahidi Ireri nitamwafiki. Hilo hakulijua, na nikaona limemwingia. Kisha akasema, "Nieleze vile inafanyika. Mimi sikusoma. Nataka kuelewa vile mtu anaweza kuzuia dawa bila kusema haitaki."

Nikamweleza. Nilimweleza marekebisho ni nini, na kwa nini aliyekwisha kusema anasema tena. Nilimweleza akidi na kengele. Nilikuwa namfundisha kama nilivyowafundisha watoto wake, polepole, nikichora kwa kijiti kwenye udongo upande huu na upande ule na meza katikati. Alisikiliza yote. Aliuliza swali moja.

"Hizo kengele zikilia, ulikuwa unaangalia saa?"

"Nilikuwa ninaiangalia."

"Na ulikuwa unafikiria nini?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. "Nilikuwa nataka iende haraka," nikasema.

Kisha akainuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji, akanipa. Nikanywa. Sikuomba msamaha, maana niliona kuomba kungekuwa kumpa kazi nyingine. Yeye hakuutaja. Aliponisindikiza mpaka njiani aliniuliza kama nina watoto wakubwa sasa. Nikamwambia habari zako, na wapi unakwenda kufanya kazi.

Akasimama. "Huyo msichana anajua?"

"Bado."

"Hata yeye unamngojesha?" Akanipa mkono, akarudi kwenye mbegu zake.

Hayo ndiyo mambo, Igoki. Mama yako nilimweleza yote leo mchana ulipokuwa umekwenda kuaga kwa shangazi. Hakulia. Aliniuliza tu kwa nini nilimbebesha uongo wa kuchoshwa na siasa miaka yote hii, kisha akatoka kwenda kukamua ng'ombe kabla ya saa yake. Hatujaongea tangu hapo, ila mbele yako, kwa ajili yako. Usimlaumu ukimwona kesho ananinunia. Ana haki.

Sikuandikii ili uache kazi. Nenda. Nafikiri utakuwa karani mzuri kuliko wote, kwa sababu tangu utotoni ulikuwa ukichoka upesi na maneno mengi. Na wala sikuombi uwe upande wangu. Siku utakapokisoma kitabu kile, kurasa zile, utaona mtu mchangamfu, mwenye adabu, anayesema "kwa heshima kubwa" kila baada ya sentensi mbili. Waandishi wa Hansadi ni waaminifu, wameniandika sawasawa. Huyo ni baba yako. Na huyu anayekuandikia ni baba yako pia. Sijui utafanya nini na hao wawili.

Nitakupa bahasha hii asubuhi kwenye kituo cha basi, ukishaketi, ili usiisome mbele yangu. Huo nao ni woga, nauona. Ukifika unaweza kunipigia simu, na unaweza usipige. Ninaiogopa simu yako, mwanangu. Nikiisikia inalia nitaipokea, na chochote utakachoniuliza nitakujibu.

Baba yako